Kadudu Kanakoruka Nyumbani

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumba, tangu mvua zianze swali ni moja dispensari: "Munganga, kwetu kuna kadudu kanakoruka, ni nini?" Nikiomba kukaona, najibiwa: "Tumekwisha kunyunyiza dawa." Desturi hiyo siikubali. Dawa ya shambani ikimwagwa kwenye kitanda cha mtoto, yaweza kumdhuru kuliko mdudu mwenyewe, na sisi hatuna tena cha kutazama.

Kumkamata si kazi. Usiku wekeni sakafuni sahani nyeupe yenye maji na sabuni kidogo, na taa karibu, mbali na chandarua. Asubuhi mtamkuta humo. Mbonyezeni kwa kijiti, si kwa vidole.

Akipondeka upesi, huenda ni yule mdudu wa unyevu. Chini ya tumbo ana kimkia cha panda alichokikunja, akikifyatua, anaruka. Huyo haumi mtu, anakula ukungu na majani yaliyooza. Hapa Goma nyumba nyingi za mbao zimesimama juu ya mawe ya volkeno, na mvua ikinyesha unyevu unapanda. Fungueni madirisha, kausheni sakafu, basi.

Akiwa mgumu, rangi ya kahawia, bapa ubavuni kama aliyebanwa, tena hana mabawa, ni kiroboto. Mdogo wake anayejichimbia miguuni ni funza, au tekenya. Huyo alitoka Amerika, akashuka Angola kwa meli mwaka 1872, akavuka bara zima katika miguu ya wasafiri.

Kiroboto simfanyii mzaha. Mwaka 1898 munganga Mfaransa Paul-Louis Simond alionyesha kwamba viroboto wa panya ndio wanaowapelekea watu tauni. Na tauni si habari ya vitabuni: mwaka 2020 iliua watu Rethy, kule Ituri, jirani zetu wa kaskazini. Ndiyo maana nawagombeza wanaokimbilia kutega panya. Panya akifa, viroboto wanauacha mwili unaopoa, wanatafuta damu nyingine, yaani yenu. Viroboto kwanza, ndipo panya. Mkikuta panya wamekufa ovyo nyumbani, msiwashike kwa mikono mitupu. Na mtu akishikwa na homa kali pamoja na uvimbe unaouma kinenani au kwapani, msingoje kupambazuke. Dawa zipo, na zinaponya zikianza mapema.

Mdudu mleteni katika kichupa chenye spiriti, mmeandika namba ya nyumba. Hata kanyanga inafaa, ila ni ya mdudu.