Sampu ya Samaki wa Maji Chumvi: Ipime Kabla Stima Haijapotea

Mwanafunzi mmoja anayekaa Nchiru, karibu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, ameniletea kilio. Stima ilipotea usiku akiwa maktaba. Aliporudi, maji ya chumvi yalikuwa yametanda sakafuni na kupenya hadi dukani chini, yakaharibu gunia la unga. Sasa mwenye nyumba anataka tangi litoke.

Nilimwuliza sampu ilikuwa imejaa kiasi gani. Akajibu, "Karibu pomoni." Basi stima haina kosa.

Sampu, kwa msomaji asiyeijua, ni tangi la pili linalokaa chini ya lile la samaki. Maji hushuka humo kwa bomba, huchujwa, kisha pampu huyarudisha juu. Pampu ikizimika, maji yaliyopita ukingo wa kumwagia, pamoja na yaliyo mabombani, huteremka yote, na lazima yapate pa kukaa.

Chukua penseli. Tangi la kijana huyu lina urefu wa sentimita 90 na upana wa 45. Maji yakishuka sentimita 4 tu, hizo ni lita 16 na kidogo. Ongeza 3 za mabombani, fanya 20. Sampu ya sentimita 60 kwa 30, kimo 35, huingia lita 63. Ukiiendesha maji yakiwa kimo cha 18, hubaki nafasi ya lita 30. Hapo utalala.

Lakini mdomo wa bomba la kurudisha ukizama sana tangini, utafyonza maji kuyarudisha chini, na hesabu yote iharibike. Uweke karibu na uso wa maji, utoboe na katundu ka kuingiza hewa. Ukoga na konokono hukaziba, kwa hiyo kasafishe kila juma.

Waya wa pampu nao ulegee chini ya soketi kabla ya kupanda, tone linaloufuata lianguke hapo. Maji ya chumvi na stima si mchezo.

Kabla ya kununua hata samaki mmoja, zima swichi mwenyewe. Maji yakitulia bila kufika ukingoni, washa tena, na pampu ikishika mwendo piga alama ya wino yalipo. Usijaze kupita hapo. Yanayopungua kwa mvuke yafidie kwa maji yasiyo na chumvi wala klorini, kwani chumvi haipai na mvuke.

Nawe kijana, lipa unga wa watu kwanza, kisha mwite mwenye nyumba azime swichi kwa mkono wake.