Ajali Haina Kinga?



Kila mwaka, mvua za masika zinapokaribia na hoteli za Kendwa na Nungwi zinapoanza kupunguza wafanyakazi, vijana wetu huja mmoja mmoja kuniaga. Wengi wao hawakuzaliwa Unguja. Walivuka bahari kutoka bara kutafuta kazi ya jikoni, ya bustani, ya ulinzi au ya kutandika vitanda, na msimu ukiisha huona haya kurudi kijijini mikono mitupu. Basi hupanda daladala hadi mjini, hukata tiketi ya boti na kwenda kujaribu bahati yao Dar es Salaam. Nami huwaandikia barua ya utambulisho kwa paroko wa huko waendako, huwauliza watafikia kwa nani, huwaonya juu ya matapeli na pombe na makundi mabaya, kisha huwawekea mikono na kuwaombea. Kwa miaka mingi niliamini kwamba hapo kazi yangu imekamilika.

Mwaka jana mmoja wao alirejea kabla ya wiki tatu kutimia. Alishuka botini kwa magongo, mguu wa kushoto ukiwa ndani ya hogo. Alikuwa akivuka Barabara ya Morogoro asubuhi, akienda kuulizia kibarua. Nilipokwenda kumjulia hali, neno lake la kwanza lilikuwa la kujitetea, kana kwamba nimekuja kumshitaki: “Baba, mimi nilitazama.” Na ni kweli alitazama. Alitazama kulia, akasubiri magari yapite, akavuka hadi katikati. Akaiona njia ya mabasi ya mwendokasi i tupu, akashusha pumzi na kuingia. Pikipiki iliyokuwa ikikwepa foleni kwa kupita ndani ya njia hiyo ya mabasi ilimtokea upande ambao hakuutarajia. Aliyeiendesha hakusimama.

Sisi tuliokuwa tumekaa barazani tulimpa pole, na mmoja wetu akasema lile neno ambalo kila Mswahili analijua: “Ndiyo hivyo tena, ajali haina kinga.” Wengine wakaitikia kwa kutikisa kichwa. Nadhani nami nilitikisa. Ni wakati wa kurudi nyumbani ndipo neno lile lilipoanza kunikera, na hadi leo halijaacha.

Neno “ajali” lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni muda uliowekwa, kikomo cha uhai wa mtu. Kwa hiyo kila tunapoliita tukio la barabarani kwa jina hilo, tumekwisha kutoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa: siku yake ilifika, hakuna wa kuulizwa. Ni faraja kwa wafiwa, wala siwanyang'anyi wafiwa faraja yao. Ila faraja ya matangani tumeigeuza kuwa kanuni ya barabarani, na hapo ndipo tunapokosea.

Tarehe 17 Agosti 1896, huko London, mama mmoja aitwaye Bridget Driscoll alikuwa akitembea na binti yake katika viwanja vya Crystal Palace. Wakati huo gari la injini lilikuwa kioja. Moja lilimjia, akaduwaa asijue asonge mbele au arudi nyuma, likamgonga akafa. Anahesabiwa kuwa mtembea kwa miguu wa kwanza kuuawa na gari la namna hiyo nchini Uingereza. Baraza lililochunguza kifo chake liliamua kuwa ilikuwa ajali tu, na ofisa aliyeliongoza akaeleza tumaini lake kwamba jambo kama hilo halitatokea tena. Leo tunajua tumaini hilo liliishia wapi. Katika taarifa yake ya mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote. Zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa akienda kwa miguu. Kwa watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna kitu kinachoua kuliko barabara. Ikiwa zote hizo ni siku zilizofika, basi na tuulizane kwa nini siku hufika upesi zaidi palipo na magari ya kasi na pasipo na njia ya miguu.

Sisi Wakristu tuna sababu ya pekee ya kulikataa neno lile. Mnakumbuka jinsi mjaribu alivyompandisha Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu na kumshawishi ajitupe chini, kwa kuwa malaika wangemdaka. Bwana alikataa kumjaribu Mungu. Mtu anayefanya ishara ya msalaba kisha akajitosa katikati ya Barabara ya Morogoro akitumaini malaika, amefanya lile ambalo Bwana alilikataa. Nilipomsimulia jambo hili jirani yangu mmoja, sheikh mwenye busara, alicheka akanikumbusha habari ya ngamia: hufungwa kwanza, ndipo Mungu akategemewa. Katika hili mimi na sheikh hatuna la kubishania.

Sasa niseme kile ninachoamini kilimvunja mguu kijana wetu, ukiacha yule mwenye pikipiki. Ni adabu yake njema. Huku kwetu kutembea ni mazungumzo. Dereva wa daladala ya Nungwi anakujua. Unainua mkono, anapunguza mwendo, mnaamkiana, unavuka. Hata Mji Mkongwe, katika vichochoro ambavyo gari haliingii, mwenye vespa hupiga honi kwenye kona, nawe hubana ukutani, mkatazamana na kupishana. Aliyezoea hapo amejifunza kwamba nyuma ya usukani kuna mtu mwenye uso. Anafika Dar es Salaam, anainua mkono uleule mbele ya kioo cheusi, na anangoja kuamkiwa. Mji mkubwa humwua mgeni kwa kitu kizuri alichofundishwa nyumbani, yaani kumwamini mwenzake.

Kwa hiyo, mwanangu unayejiandaa kusafiri, sikuambii uache kuwaamini watu. Nakuomba usiliamini gari mpaka limesimama.

Utakaposhuka botini utajikuta karibu na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, somo wa kanisa kuu letu la Minara Miwili hapa Mji Mkongwe. Ingia ushukuru kwa safari njema. Lakini kati yako na kanisa kuna barabara yenye magari mengi, na hapo ndipo mafunzo yako yanapoanzia. Magari ya Dar es Salaam hushika kushoto kama yetu, hivyo la kwanza kukufikia hutoka kulia kwako. Tazama kulia, tazama kushoto, kisha tazama kulia tena, kwa kuwa wakati ulipokuwa ukitazama kushoto mambo ya kulia yamekwisha kubadilika.

Barabara ya Morogoro ina somo lake peke yake. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze kazi mwezi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, barabara ile si moja tena kwa mvukaji. Kuna magari ya kawaida ya upande huu, kuna mabasi yanayokwenda, kuna mabasi yanayorudi, kisha kuna magari ya kawaida ya upande wa pili. Hizo ni barabara nne zilizolala pamoja, na kila moja inataka utazame upya, pande zote mbili. Njia ya mabasi hudanganya zaidi kwa kuwa mara nyingi huonekana tupu. Basi huja kwa kasi na halina pa kukukwepea. Tena hupita humo magari ya wagonjwa, na wale wasiojali sheria. Penye daraja la waenda kwa miguu, kama Manzese, panda ngazi. Najua jua ni kali na ngazi ni nyingi, na najua wenyeji watakupita chini wakikucheka. Waache wacheke.

Jambo jingine ambalo wageni hawaambiwi ni hatari ya gari lililosimama kwa wema. Uko kwenye pundamilia, dereva wa njia ya kwanza anasimama na kukuashiria upite. Unamshukuru, unakimbia. Gari lake limekuficha usionekane na anayekuja njia ya pili, ambaye hajui kwa nini mwenzake amesimama. Nenda hadi mwisho wa gari hilo, simama, chungulia, ndipo uendelee. Kwa sababu hiyohiyo usivuke kamwe mbele ya daladala uliyoshuka, ngoja iondoke.

Sisi tuliosoma seminarini hatukufundishwa hesabu nyingi, lakini hii si ngumu. Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa, mwendo wa juu unaoruhusiwa katika maeneo ya makazi huko bara, hula mita 14 kwa kila sekunde. Dereva mwepesi huhitaji kama sekunde moja tangu akuone hadi mguu ukanyage breki. Kwa hiyo gari limekwisha kukusogelea mita 14 kabla halijaanza hata kupunguza mwendo. Likiwa kwenye 80, ni mita 22. Na dereva huyo awe anatazama mbele, si simu yake.

Msidhani nawasemea wasafiri tu. Wengi wenu hapa Kendwa mnamaliza zamu usiku na kurudi makwenu kwa miguu, mkiwa na suruali nyeusi za kazini, mahali ambapo taa za barabarani ni chache au hakuna. Pasipo na njia ya miguu, tembeeni upande wa kulia ili mlitazame gari linalowajia. Vaeni kitu cheupe juu ya sare, washeni tochi ya simu, na masikio yaachwe wazi bila visikilizio. Pombe ya baada ya zamu nayo imewahi kumlaza mtu katikati ya lami, na sitasema zaidi.

Lakini ningekuwa mchungaji wa ajabu kama ningewahubiria kondoo juu ya mbwamwitu, nisiwaambie neno mbwamwitu walioketi viti vya mbele. Baadhi ya madereva wetu ni waamini wazuri. Rozari inaning'inia kwenye kioo, picha ya Mama Maria imebandikwa mbele, na mshale wa mwendo uko kwenye 100 katikati ya kijiji. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inafundisha kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda kasi ana hatia nzito. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa la kuwahudumia wahamiaji na watu walio safarini lilitoa mwongozo wa kichungaji juu ya barabara, ukiwa na amri kumi za madereva. Ya kwanza ni ileile amri ya tano tuliyopewa Sinai, na ya tisa inaagiza kumlinda aliye dhaifu zaidi. Barabarani aliye dhaifu zaidi ni yule asiye na chuma kinachomzunguka. Yanayosemwa katika kitubio siwezi kuyataja, na yasiyosemwa pia nitayaacha. Ninauliza tu: ni lini mara ya mwisho ulipoipima dhamiri yako ukaihesabu na kasi?

Na wenye mamlaka wasijifiche nyuma ya methali. Dar es Salaam yenyewe imetoa ushahidi kwamba kinga ipo. Shirika la Amend lilikwenda kwenye shule ambazo watoto walikuwa wakigongwa, likatazama watoto wanapita wapi, kisha likaweka matuta, vivuko, njia za miguu na alama. Hakuna kilichokuwa cha ajabu wala cha gharama kubwa mno. Majeruhi wakapungua kwa hadi takriban robo, na mwaka 2019 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na World Resources Institute. Watoto wale walikuwa na “siku” zao kama watu wote. Tuta tu lilitosha kuzisogeza mbele. Njia za miguu zinapojaa meza za biashara na pikipiki zilizoegeshwa, mgeni hushuka kwenye lami kwa sababu hana pengine pa kupita. Sisemi wamachinga wafukuzwe, kwani wengi wao ni haohao watoto wetu waliokwisha kufika. Nasema anayepanga mji ampangie nafasi mchuuzi na mpita njia wote wawili.

Jumapili hii baada ya Misa ya pili, wote wanaotarajia kusafiri wabaki ukumbini, pamoja na wazazi na walezi wao. Barua za utambulisho nitazitoa hapo, wala sitampa mtu barua asiyehudhuria. Madereva na wenye pikipiki nawakaribisha pia, na viti vya mbele ni vyao. Mimi nitasema machache. Atakayetufundisha ni kijana wetu mwenye magongo. Amekubali kuichora Barabara ya Morogoro sakafuni, njia zake zote nne, na kutuonyesha aliposimama, alipotazama na upande ambao hakuutazama. Ameniomba nimtafutie chaki.