Nishani ya Mjerumani na mpagazi asiye na karatasi



Likizo iliyopita tulikuwa katika utume kwenye kigango kimoja mkoani Iringa. Jumapili baada ya ibada, mzee mmoja alituita sisi mafrateri wawili nyumbani kwake, akafungua kopo la majani ya chai. Ndani mlikuwa na nishani iliyopiga weusi na karatasi ya Kijerumani iliyokunjwa mara nne, imeanza kukatika kwenye mikunjo. Vyote vilikuwa vya babu yake, askari wa Mjerumani katika vita ya 1914 hadi 1918. "Mafrateri, kuna kijana wa mjini ananipa elfu sitini. Nimpe?" Sisi, kwa haraka ya watu wanaosoma falsafa, tukamwambia asiuze, hiyo ni historia. Mzee akatutazama, akauliza kama historia inanunua mbolea.

Siku ile hatukuwa na jibu. Tunajaribu kumjibu hapa.

Msomaji aliyekulia Mbeya au Iringa anaijua homa yetu ya "mali za Mjerumani". Tangu utotoni tumesikia habari za masanduku ya rupia yaliyofukiwa chini ya mti mkubwa au nyuma ya boma la zamani, na tumeona mashimo yaliyochimbwa usiku. Waliopata hatuwajui, waliofilisika tunawajua. Lakini kijana wa mjini hatafuti masanduku. Anawatafutia wakusanyaji wa ng'ambo, wanaonunua nishani, beji na vyeti vya utumishi vya majeshi ya Ujerumani. Kazi hiyo ina elimu yake. Nishani ikiwa peke yake haisemi mengi, na za kughushi zipo. Ikiwa na karatasi yenye jina, cheo na kikosi, bei hupanda. Fikiria cheti cha baharia wa manowari Königsberg, ile iliyoishambulia na kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikazamishwa na mabaharia wake wenyewe katika delta ya Rufiji Julai 1915. Mizinga yake 10 ilitolewa majini, na mabaharia wakaendelea kupigana nchi kavu pamoja na askari wa Lettow-Vorbeck. Karatasi moja ya namna hiyo inabeba safari nzima. Tungekuwa na fedha, hata sisi tungeitamani.

Kwa hiyo hatusemi kwamba kukusanya ni dhambi. Mkusanyaji mwaminifu ameokoa karatasi ambazo kwetu zingewashia moto. Shida yetu ni nyingine. Aristotle, katika kitabu cha kwanza cha Maadili ya Nikomako, anakataa kuiita heshima lengo kuu la maisha, kwa sababu heshima inamtegemea zaidi anayeitoa kuliko anayeipokea. Darasani tuliiona kuwa hoja ya mtihani. Mbele ya lile kopo tuliielewa. Nishani ya babu ilitolewa na dola iliyomtawala, kwa kazi ya kulitetea koloni lililomtawala. Vita vilipokwisha mtoaji akaondoka, na heshima ikaondoka naye. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wale wazee malimbikizo yao, wengi walifika bila karatasi. Afisa wa malipo akawapa fagio mmoja mmoja na kuwaamuru kwa Kijerumani, kana kwamba wameshika bunduki. Hakuna aliyekuwa amesahau. Miili ilikumbuka kile ambacho karatasi hazikutunza.

Hao angalau walipewa fagio. Waliobeba mizigo hawakupewa hata hilo. Vita ile ilitembea juu ya vichwa vya wapagazi, upande wa Mjerumani na upande wa Mwingereza. Wengi walichukuliwa kwa nguvu mashambani, na njaa na magonjwa viliwaua kuliko risasi. Kwa upande wa Waingereza pekee, wanahistoria wanakadiria kwamba walikufa zaidi ya 90,000. Hakuna mnada wanakouzwa, maana hawakuacha beji wala cheti. Mkusanyiko wowote wa nishani, hata uwe mzuri namna gani, ni kumbukumbu ya wale ambao mtoaji aliona wanastahili kuandikwa.

Sheria haitatusaidia sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalenga kwanza vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kipande cha chuma kutoka Berlin hakiingii humo kirahisi. Tena Iringa tunajua maana ya kukusanywa. Fuvu lililorudishwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954 kama la Mtwa Mkwawa lilitoka kwenye mkusanyiko wa makumbusho ya Bremen. Huko lilikuwa fuvu kati ya mafuvu. Lilipopewa jina lake, watu walilipokea kama mtu wao.

Ndiyo maana hatuoni kwamba swali la kwanza ni kuuza au kutouza. Mzee ana njaa ya kweli, na hatuna haki ya kumfanya mlinzi wa makumbusho bila mshahara. Tunaloomba ni kwamba kitu kisitoke nyumbani kabla jina halijaandikwa: la nani, alitoka wapi, alikwenda na nani. Katekista mwenye daftari anaweza kufanya hivyo kwa mchana mmoja. Na Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, parokia zetu ziulize majina ya wapagazi pia. Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 kule Abercorn, leo Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wetu.

Kabla ya kurudi seminarini tulikwenda tena kwa mzee. Tulipiga picha nishani na karatasi, tukaandika alichokumbuka juu ya babu yake. Tukauliza kama kuna mwingine wa ukoo aliyekwenda vitani. Alinyamaza kidogo, kisha akataja kaka wa bibi yake, aliyebebeshwa mzigo akiwa kijana na hakurudi. Ukoo haujui alikofia. Jina lake tumeliandika katika orodha ya marehemu ya kigango. Kopo bado liko kwa mzee, mbolea alikopa.