Kaficha inhela, kaumbuka Sanje!

Wiki hii nina kisa cha kijana mmoja wa mjini (jina kapuni) aliyempeleka kidosho wake Sanje, kule Kilombero, kuona maporomoko ya Udzungwa yenye urefu wa mita 170. Jamaa ana pumu tangu utotoni, lakini eti inhela kaiacha gesti Ifakara asionekane mgonjwa!

Siku hiyo kule bondeni miwa ilikuwa inachomwa, kama kawaida ya huko kabla ya kuvuna. Moshi umetanda, na mlima ndiyo kwanza unaanza. Hata nusu hawakufika. Kifua kikapiga filimbi, midomo ikabadilika rangi, binti analia. Akashushwa mzobemzobe hadi zahanati.

Sasa kifuani kulikuwa na nini? Kuna seli zinaitwa za masti. Mjerumani Paul Ehrlich alizipa jina hilo mwaka 1878 akidhani zimeshiba chakula, kumbe ni vifuko vya kemikali. Huzaliwa kwenye uboho wa mifupa, husafiri na damu zikiwa changa, zikakomalia mapafuni, ngozini na tumboni. Kazi yake halali ni kupambana na wavamizi kama minyoo.

Kwa mwenye pumu, huongezeka na kuhamia pabaya. Mwaka 2002 watafiti wa Leicester, Uingereza, walizikuta ndani ya misuli inayozunguka njia za hewa. Kwa wasio na pumu, hapo karibu hazikuwepo. Yaani mchokozi kapanga chumba kimoja na mwenye hasira! Ukivuta vumbi lenye aleji yako, vifuko vinapasuka, histamini inamwagika, misuli inabana ndani ya dakika chache. Moshi nao, hata bila aleji, unaikuta misuli imeshakasirika.

Inhela ya kuokolea inalegeza misuli tu, seli ziko palepale. Ile ya steroidi, ya kila siku, ndiyo inayotuliza uvimbe, na ndiyo wengi wanaiacha wakipata nafuu. Mwaka 2017 huko Marekani, wagonjwa wa pumu kali walijaribiwa imatinibu, dawa ya saratani ya damu inayokata ishara inayozilea seli hizo. Baada ya miezi 6 njia zao za hewa hazikuwa zikishtuka ovyo kama mwanzo. (Ni majaribio jamani, msiende kuiulizia duka la dawa!)

Na yule kidosho? Hajamwacha. Ila inhela sasa inakaa kwenye mkoba wake yeye.