Mpira na Daftari

Ndugu mzazi, mwanao akiupenda mpira, usikimbilie fimbo. Mkumbuke Leodegar Tenga, beki wa kati na nahodha wa Taifa Stars iliyokwenda Nigeria mwaka 1980 kushindania Kombe la Mataifa ya Afrika. Nigeria ilitufunga 3-1, Misri 2-1, tukatoka sare 1-1 na Ivory Coast. Hatukufuzu tena hadi mwaka 2019.

Miguu ya mchezaji huchoka mapema, elimu haichoki. Tenga alikuwa na uhandisi mkononi, na tangu mwaka 2004 hadi 2013 aliliongoza Shirikisho la Soka nchini. Basi mtoto, awe Kariakoo au Ngarambe kule Rufiji, aucheze mpira baada ya daftari, si badala yake.