Alichelewa, au Alicheleweshwa?



Siku moja tulikunjua kipande cha gazeti la zamani kilichofungiwa dagaa wa sokoni hapa Mkuyuni. Pembeni palikuwa na habari fupi ya mistari minne: mama mjamzito amefariki dunia kwa kuwa alichelewa kufika hospitali. Basi, hapakuwa na zaidi. Tulinyamaza kidogo, kisha mmoja wetu akauliza, “Alichelewa, au alicheleweshwa?” Swali hilo ndilo lililotufanya tulichunguze neno hili ambalo kila siku tunalitamka bila kulifikiri.

Kuchelewa limetokana na kucha, yaani kupambazuka. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yaeleza hivyo: aliyechelewa ni mtu aliyekutwa na mapambazuko. Limeundwa kama kufiwa na kunyeshewa. Aliyefiwa hakuua, wala aliyenyeshewa hakuleta mvua. Jambo limemfikia tu. Basi kwa asili yake neno hili halimshitaki mtu. Ni tofauti na kukawia. Bwana arusi wa wale wanawali kumi, katika Biblia yetu ya mwaka 1952, alikawia. Yeye ndiye aliyejichukulia muda wake, wengine wakangoja hadi wakasinzia.

Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutolewa Dar es Salaam, Januari 1923, lilitoka mara moja kwa mwezi, na habari za miji ya mbali zilisafiri taratibu kama wasafiri wenyewe. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ikafika Mwanza, na saa ya stesheni ikaanza kutawala siku za watu. Katika maisha ya namna hiyo neno letu likapata kazi nyingi magazetini. Vichwa vya habari hupenda ufupi: Treni yachelewa. Mvua zachelewa. Mishahara yachelewa. Angalieni jinsi sentensi hizo zilivyo fupi na salama! Mvua kweli haina wa kulaumiwa. Lakini mshahara haujiletei wenyewe; yuko mtu aliyeuchelewesha, naye hakutajwa.

Linapohamia kwa binadamu, neno hilohilo hugeuka kuwa hukumu. “Alichelewa kufika hospitali.” Msomaji hufunga gazeti akidhani mama yule alikuwa mzembe.

Mwaka 1994 wataalamu wawili wanawake, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walichapisha uchunguzi juu ya vifo vya wazazi. Walionyesha ucheleweshaji wa namna tatu. Wa kwanza uko nyumbani: kuamua kwenda. Wa pili uko njiani: kufika. Wa tatu uko hospitalini penyewe: kupata huduma baada ya kufika. Hebu tujiulize, kati ya hayo matatu, mangapi yako mikononi mwa mama mwenye uchungu?

Sisi wa kando ya ziwa twayajua yote matatu. Mume yuko majini usiku na karabai yake, na nyumbani hakuna anayethubutu kusema “twende” bila yeye. Kisha njia. Miaka mingi gari lililotoka Sengerema kuja Mwanza lilisimama Busisi kungoja kivuko, awe amebeba mgonjwa au asiwe naye. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025. Waliongoja kivuko kabla ya hapo hawakuchelewa. Walicheleweshwa na maji. Na huko visiwani bado mtumbwi hungoja upepo utulie.

Tufanyeje basi? Mwenye mimba nyumbani, wekeni mambo matatu mapema. Kubalianeni ni nani atakayeamua baba asipokuwepo, na baba mwenyewe amtaje mbele ya wote. Jueni ni gari la nani au boti ya nani litakaloitwa usiku, na nauli iwekwe kando, isiguswe kwa unga wala ada. Na anayemsindikiza awe mtu wa kuuliza bila woga, “Dada yetu amefika saa ngapi, na ataonwa saa ngapi?”

Wahenga walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Ni onyo zuri kwa mwenye nafasi ya kuwahi. Ila tukiwa msibani, tukisikia mtu akinong'ona kwamba marehemu alichelewa mwenyewe, tusiitikie kwa kichwa. Tuulize kwa upole: nyumbani, njiani, au hospitalini? Jibu la swali hilo laweza kumwokoa mama mwingine katika nyumba ileile.

Kipande kile cha gazeti hatukukitupa. Jina la mama yule halikuandikwa, lakini tumemkumbuka.

Hadi mwezi ujao, kaeni salama.