Kumtaja Mwenzi Si Usaliti

Wako watu, msomaji kijana, wasemao kuwa mgonjwa aulizwaye na tabibu majina ya wenzi wake, akayataja, ni msaliti. Mimi nasema msaliti ni anyamazaye. Mwaka 2018, katika mji wa Milwaukee, Marekani, maafisa wa afya waliuliza mtu mmoja mmoja, jina likazaa jina, hata wakaona watu 125 katika mnyororo mmoja: wengine wana virusi vya UKIMWI, wengine kaswende, wengine yote mawili. Miongoni mwao walikuwamo wanafunzi kama wewe.

Magonjwa haya hufuatana. Kidonda cha kaswende, ambacho aghalabu hakiumi, huvifungulia virusi mlango. Kisha hupona chenyewe, na mwenyewe hujidhani mzima, kumbe ugonjwa ungali mwilini. Atajuaje asipoambiwa? Penisilini huponya kaswende, na dawa za UKIMWI zipo; lakini dawa gani itamfikia asiyejulikana?

Utasema waogopa aibu. Afisa mwaminifu hamtajii mwenzi jina lako. Humwambia tu kwamba yu hatarini, akapimwe. Na akiwa mjamzito, atibiwe kabla kaswende haijamdhuru mtoto tumboni.